Mwalimu Asiye na Mdomo

Wiki iliyopita kuku wangu alifaulu mtihani wa hesabu.

Mjukuu wangu Upendo, mwenye miaka sita, amekuja likizo kutoka Singida mjini, na mama yake amempa simu ya kujifunzia. Ndani ya simu hiyo kuna mchezo wa kuhesabu: zinatokea punje za njano, mtoto anazigusa moja moja, kisha sauti ya dada mchangamfu inamsifu. Siku hiyo Upendo aliiacha simu kwenye mkeka uani akaenda kunywa maji. Kuku akaziona zile punje. Akadonoa bila kupata kitu, akapanda juu ya kioo kwa miguu iliyolowa, akatembea kidogo, na simu ikasema kwa furaha, "Vizuri sana!"

"Bibi! Bibi, njoo uone, kuku amepata nyota tatu!" Upendo alicheka mpaka akakaa chini.

Nilicheka naye, maana mtoto akicheka si vema kumwacha acheke peke yake. Halafu niliingia ndani nikakaa kitandani, mikono mapajani, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Maneno yale mawili nilikuwa nimewahi kuyasikia yakisemwa hivyo hivyo, kwa furaha ile ile, katika chumba ambacho hakikuwa na mtu wa kusifiwa. Nilikuwa na miaka tisa. Kwa miaka mingi nimefundisha watoto shule ya Jumapili, nimesimama mbele ya watu nikaeleza mengi ambayo Mungu amenitendea, lakini hili sijalieleza. Ninyi mliokua wakati wetu mtanielewa upesi.

Mama yangu mdogo, Mariamu, aliolewa na Mwislamu wa ng'ambo ya korongo. Kwetu Ikungi hilo halikuwa jambo la ajabu. Idi tulikula kwao, Krismasi walikula kwetu. Binti yake aliitwa Tatu. Nilimzidi mwaka mmoja, akaniita dada. Kabla hajaanza shule aliugua surua, usaha ukamtoka masikioni kwa majuma mengi, na ulipokauka hakusikia tena, hata ngoma ikipigwa karibu naye. Maneno aliyokwisha kuyajua yalibaki. Aliyasema kwa sauti kubwa, isiyopanda wala kushuka, na maneno ya wengine aliyasoma midomoni mwao. Ukitaka kumwambia jambo ulimgusa bega, ukangoja akutazame. Nilizoea hivyo mpaka nikawa nagusa kila mtu bega kabla ya kusema naye, na bibi yetu akaniuliza kama ninamfukuzia inzi.

Pale kijijini alikuwapo mtoto mwingine kiziwi, naye alirudishwa nyumbani siku ile ile aliyopelekwa shule. Kwa hiyo Tatu alipotakiwa kuandikishwa, Mama Mdogo aliniita jikoni kwake. Alikuwa anasonga ugali wa mtama. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya chungu akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu akijua, atamrudisha," alisema. "Wewe ndiye masikio yake. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Sema kwa kinywa chako."

"Mimi ndiye masikio yake."

Na kwa muda nilikuwa. Tulikaa dawati moja, la mbele kabisa. Mwalimu wetu alikuwa na mdomo mpana na pengo la jino la juu, na Tatu aliusoma mdomo ule bila shida. Mwalimu akigeukia ubao huku anasema, niliandika neno kwa kidole juu ya goti la Tatu chini ya dawati. Kwenye hesabu alinipita. Mapumziko tulicheza mdako juu ya mwamba ulio nyuma ya darasa, na hapo hakuna aliyemfikia. Alirusha jiwe moja juu, akazoa matano, akalidaka lile la juu bila hata kulitazama.

"Huyu ana dawa!" wenzetu walilalamika.

"Dawa ni kukata kucha," Tatu alijibu, kwa kuwa alikwisha kuwaona midomo. "Mikono yenu kama majembe."

Ndipo ikaja redio.

Ililetwa kwa ajili ya shule, imefungwa kitenge kama mtoto mchanga. Ilikuwa na koti la ngozi ya kahawia lenye vitundu mbele, na hadi leo nikinusa mkoba mpya wa ngozi uliopigwa na jua, narudi pale. Betri zake zilipochoka, Mwalimu alizipanga juu ya mwamba ule ule wa mdako zipate joto, maana zikipata jua zilisema tena siku mbili tatu. Tulizilinda kwa zamu. Hatukuruhusiwa kucheza karibu, kwa hiyo mdako ukahama, halafu ukafa.

Siku za kipindi cha masomo Mwalimu aliiweka redio juu ya meza yake, akakizungusha kile kidude cha pembeni, nasi tukasimama wote. Sauti ya mwanamke ikasema, "Hamjambo, watoto?" Halafu kimya. Katika kimya kile tukajibu kwa nguvu zetu zote, "Hatujambo, Mwalimu! Shikamoo, Mwalimu!" Naye akasema, "Haya, kaeni." Tukakaa.

Marahaba hakuitikia, na jambo hilo lilitusumbua sana. Mtu mzima asiyeitikia shikamoo ana hasira na wewe, au umemkosea. Tulilijadili njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Labda ni binti mdogo, anaona haya kuitikia," alisema mmoja wetu aliyeitwa Hadija.

"Binti mdogo anafundisha nchi nzima?"

"Basi hatukusema kwa heshima. Wewe ulikuwa unatafuna muwa."

Kipindi kilichofuata tulipiga magoti kidogo tulipoamkia. Mwalimu alitutazama, akajikuna kidevu. Sijui kwa nini hakutuambia. Huenda aliona ni vizuri tuwe na adabu, hata mbele ya kasha.

Mimi niliamini kuwa yule mwanamke anatusikia. Kwa nini nisiamini? Aliuliza, akanyamaza, tukajibu, akasema, "Vizuri sana!" Mwalimu wetu wa pale hakuwa mtu wa kusifu, ukipata alisema "Kaa," ukikosa alisema "Simama." Lakini huyu alitusifu kila kipindi, kwa sauti laini kama ya mtu anayekutayarishia chai. Nikaanza kujibu kabla ya wenzangu ili anitambue. Usiku nilimwombea, pamoja na baba na mama.

Na Tatu? Tatu alikuwa pale pembeni yangu, anatazama vitundu vya lile koti la ngozi. Vitundu havichezi. Alinigusa goti mara ya kwanza, nikamwandikia neno moja. Mara ya pili nikaandika nusu ya neno. Redio haisubiri, ukishughulika na goti la mwenzako, sentensi mbili zimekupita. Mara ya tatu niliusogeza mguu wangu.

Hata michezo yetu ilibadilika. Sasa watoto wote walitaka kucheza redio. Mmoja aliingia ndani ya kihenge kitupu cha shule, kile cha fito cha kuwekea mtama, akauliza maswali akiwa humo, nasi nje tukajibu. Raha yenyewe ilikuwa kutomwona anayesema. Tatu alizunguka kihenge mara mbili akitafuta mdomo. Aliponigusa bega nimweleze, Hadija akapata wazo.

"Awe betri," alisema. "Redio gani haina betri?"

Kila mtu alicheka, nami nilicheka. Mimi ndiye niliyemgeuzia Tatu uso nikamwambia, polepole ili aone vizuri, "Wewe ni betri. Kaa pale juani. Tukikuhitaji tutakuita." Akaenda akakaa juu ya mwamba, magoti pamoja, amefurahi kupewa kazi. Tulicheza mpaka tukachoka, tukaitwa kuchota maji, tukatawanyika. Jua lilipokuwa linashuka, Mama Mdogo alikuja kwetu akiuliza. Nilikimbia hadi mwambani. Alikuwa amekaa vile vile, midomo imekauka, chumvi ya jasho imemchora mashavuni.

"Mmeniita?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa, ndiyo, tumekuita. Nilimdanganya. Akasimama, akajipangusa sketi, akasema kwa ile sauti yake iliyonyooka, "Basi mmechelewa. Nimeshajaa."

Alitaka tucheke. Sikuweza.

Ningekuwa nimejifunza pale, nisingekuwa na haja ya kuandika. Lakini kuna siku nyingine. Kipindi kilikuwa kimeanza, ng'ombe wa mtu wakaingia kwenye shamba la mahindi la shule. Mwalimu alipiga ukelele, tukatoka wote na fimbo na makopo. Tulipowatoa, nikakumbuka kuwa Tatu hajatoka. Alikuwa ameinamia daftari na hakujua kuna nini. Nilirudi mlangoni. Darasa lilikuwa tupu isipokuwa yeye. Alikuwa amesimama mezani kwa Mwalimu, ameweka kiganja juu ya redio, na macho ameyafumba. Redio iliuliza swali. Ikanyamaza. Ng'ombe walilia huko nje. Kisha ikasema, "Vizuri sana!"

Tatu alihisi mtetemo ukisimama na kurudi. Alifumbua macho akaniona.

"Amesema nini?"

"Amesema vizuri sana."

Akatazama madawati yote, moja baada ya jingine. "Amemwambia nani?"

Nami nikayatazama. Tatu akaanza kutabasamu, tabasamu lile la kukuonyesha jiwe ambalo umelikosa kwenye mdako.

"Dada," alisema, "hasikii. Huyu mwalimu wenu ni kama mimi. Hasikii kitu!"

Akacheka kwa furaha ambayo sijaiona tena kwake. Leo naielewa: alikuwa amepata mwenzake. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba sijawahi kutambuliwa na yeyote, na kwamba sala niliyomwombea yule mama kila usiku ilikwenda kwa mtu asiyejua kama nipo. Na aliyenionyesha hayo ni huyu, ambaye siku za redio nilisimamishwa pamoja naye kila akikosa, kwa kuwa tulikaa dawati moja. Nilimchukia. Naandika neno hilo taratibu, kwa kuwa najua uzito wake.

Kabla ya juma hilo kuisha, Mwalimu aliniita mezani kwake. Darasa lilikuwa linanakili ubaoni.

"Huyu mwenzako," alisema, "hesabu za ubaoni anapata zote. Siku za redio hapati hata moja. Anafanya makusudi?"

Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, sijui. Niliinama karibu naye, nikashusha sauti ili Tatu asisikie, nikasema, "Hasikii, Mwalimu. Hasikii kabisa, tangu surua. Anakuangalia mdomo."

Mwalimu aliiweka chaki mezani. Hakuwa mtu mbaya. Nimemkumbuka mara nyingi katika sala zangu na sijamkuta na ubaya. Alisema, "Kumbe," halafu akasema tena, "Kumbe." Nilirudi dawatini. Tatu aliniangalia, nami nikamtabasamia, akarudisha macho kwenye daftari.

Mwalimu alikwenda nyumbani kwao yeye mwenyewe. Alieleza kwa upole kwamba masomo sasa yanakuja kwa redio, na mwaka unaofuata yataongezeka, na mtoto atakuwa anateseka bure. Ipo shule ya watoto wa namna hiyo, mkoa mwingine, ataulizia. Basi wangoje. Walingoja. Tatu akapewa mbuzi awachunge wakati akingoja, na mbuzi hao walizaa, na watoto wao wakazaa, na barua ya kumwita shuleni haikuja. Redio yenyewe haikumaliza hata mwaka ule. Betri zikakosekana, ikarudishwa kwenye kabati, Mwalimu akarudi kufundisha kwa mdomo wake. Dawati la mbele nilikaa peke yangu. Hakuna aliyesema Tatu arudi. Mimi pia sikusema.

Mama Mdogo hakuniuliza kamwe. Hilo ndilo lililonitesa kwanza. Baadaye nilijifariji kwamba Tatu mwenyewe hajui aliyesema, maana nilisema kwa sauti ya chini. Nimeishi na faraja hiyo miaka yote. Niliolewa, nikazaa, nikafundisha watoto wa watu kusali. Tatu aliolewa huko Issuna, akafiwa na mumewe, akarudi ng'ambo ya korongo na mbuzi wake. Kila nilipojifungua aliniletea maziwa. Nilipofiwa na mume wangu alikaa nami mkekani siku saba, hakusikia kilio cha mtu yeyote, lakini ndiye aliyejua kila saa ni nani anahitaji maji.

Nimemwomba Mungu msamaha wa jambo hili mara ngapi, Yeye anajua. Naamini anasikia. Lakini siku ile kuku aliposifiwa, nikiwa nimekaa kitandani, niliona kwamba nimekuwa nikisemea ndani ya kihenge. Kuna mtu wa kuambiwa usoni, na nyumba yake naiona nikisimama mlangoni kwangu.

Kesho yake asubuhi nilimchukua Upendo tukavuka korongo. Tatu alikuwa uani anapepeta alizeti.

"Shikamoo, bibi," alisema Upendo, macho kwenye simu.

Tatu akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. "Rudia, mjukuu wangu. Sikuona."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Una meno mazuri. Hicho nini?"

Upendo alimwonyesha punje za njano. Alicheza, simu ikamsifu. Tatu akaweka kiganja juu yake, kama alivyoweka siku ile, akangoja, akauhisi mtetemo. Akanigeukia, na katika uso ule wenye mikunjo niliuona ule wa darasani.

"Na huyu naye?" aliuliza.

"Na huyu naye," nilisema. "Jana alimsifu kuku."

Alicheka mpaka ungo ukatikisika. Nilimgusa bega. Akaacha kucheka, akanitazama mdomoni, na hapo nikafahamu kwa nini nilikuwa nimekawia hivyo. Jambo kama hili huwezi kumwambia Tatu huku umeangalia chini.

"Tatu. Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu kwamba husikii."

"Najua," alisema.

Nilidhani hajaona vizuri. Nikarudia.

"Najua, dada. Nilikuona. Ulisimama mezani, ukainama, ukasema, hasikii Mwalimu, hasikii kabisa, tangu surua. Halafu ukaja ukanichekea."

"Lakini nilishusha sauti," nilisema, na neno lilipokwisha kutoka nikajisikia nilivyo mjinga, mtoto wa miaka tisa ndani ya mama mzee.

"Sauti!" alisema Tatu. Hakucheka. "Mdomo ulikuwa pale pale."

Upendo aliacha kucheza, akawa anatutazama kwa zamu. Yale maziwa yote. Zile siku saba za mkekani. Alikuwa anajua, na aliyaleta.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

Tatu aliuchukua ungo wake, akapuliza makapi, akalitoa jiwe dogo na kulitupa.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," alijibu. "Kila ulipokuja nilikutazama mdomo. Nikasema, labda leo."

Sikumwomba anisamehe siku hiyo. Sikuona haki ya kuharakisha mtu aliyengoja namna ile. Nilikaa nikachambua alizeti pamoja naye hadi jua likawa kali. Tulipoondoka, Upendo alitangulia njiani na simu yake, akapaza sauti bila kugeuka, "Kwaheri, bibi Tatu!"

Nilimfikia, nikamshika mabega, nikamgeuza.

"Hajakuona," nilimwambia. "Rudi. Nenda mpaka pale alipo."

Akaiweka simu juu ya jiwe, akarudi mbio. Nikarudi naye.